Zilizala za Pozzuoli na Jabali la Moto Lililolala

Yatakikana kwanza msomaji apajue mahali panaposemwa. Katika nchi ya Italia, upande wa magharibi wa mji wa Napoli, kuna mji wa bandari uitwao Pozzuoli. Mji huu ni wa kale. Warumi walikuwa wakishusha hapo ngano iliyotoka Misri. Mtu akisimama pwani yake haoni mlima mrefu kama aonavyo jabali la Vesuvio upande wa pili wa Napoli. Aona vilima, mabonde ya duara, maziwa madogo, na bahari. Wala hajui, illa aambiwe, ya kwamba amesimama ndani ya kinywa cha jabali la moto. Kinywa chenyewe upana wake ni kilomita 12 mpaka 15, na kadiri ya thuluthi yake imo chini ya maji. Mahali hapa pote huitwa Campi Flegrei, na maana yake ni makonde yenye kuwaka. Watu kama 500,000 wamekaa ndani ya mpaka wa khatari uliowekwa na serikali, ambao hapana budi wahame wote pindi ishara ya moto ikiyakinika.

Tangu mwaka 2005 ardhi ya Pozzuoli yapanda. Haipandi kwa kuonekana na jicho. Yapanda kama mtoto arefukavyo, ambaye mamaye amwonaye kila siku hatambui mpaka kanzu imkatae. Kufika mwaka 2025 mtaa wa Rione Terra ulikuwa umeinuka kadiri ya mita 1.4, yaani kifuani pa mtu mzima. Na pamoja na kuinuka huku zimekuja zilizala, ndogo ndogo kwa maelfu, nyingi katika hizo hazitambuliwi illa kwa ala za kupimia. Kisha moja moja yenye nguvu. Tarehe 27 Septemba 2023 ilikuja ya kipimo cha 4.2. Tarehe 20 Mei 2024 ikaja ya 4.4, na watu zaidi ya 1,000 wakatolewa majumbani mwao kwa ajili ya nyufa. Usiku wa 13 Machi 2025, saa saba na dakika 25, ikaja ya 4.6; watu wakatoka na nguo za kulalia, wakakesha viwanjani na ndani ya motokaa. Tarehe 30 Juni 2025 ikarudi nyingine ya kipimo kile kile.

Kipimo cha 4.6 kwa wajuzi si kikubwa. Kila hatua moja ya kipimo huishinda iliyo chini yake kwa nguvu mara 30 na zaidi, hata zilizala ya Uturuki ya 6 Februari 2023, iliyokuwa ya 7.8, yaishinda hii ya Pozzuoli kwa makumi ya maelfu. Lakini asidharau mtu kwa hisabu hiyo. Zilizala za mahali pengine huenda zikatoka kina cha kilomita 10 au 20 au zaidi. Hizi za Pozzuoli hutoka kilomita 2 au 3 chini ya vitanda vya watu. Kitu kidogo kikipiga karibu hukirusha kilicho juu yake.

Tena zina tabia mbali na zilizala za desturi. Desturi ni kuja moja kubwa, kisha zikaifuata ndogo zikipungua, kama mawimbi nyuma ya chombo kilichokwisha kupita. Hizi hazina kubwa ya kutangulia. Huja pamoja, makumi au mia katika saa chache, zikakoma, zikarudi baada ya siku au miezi. Wataliana huziita pumba, kama lisemwavyo pumba la nyuki, na jina limesibu: asikiaye mvumo hajui kama nyuki wapita au watatua juu ya kichwa chake.

Basi la kwanza la kuuliza ni hili: jee, ardhi ya mji huu imeanza kupanda katika zama zetu, au ni desturi yake? Jawabu limeandikwa juu ya jiwe. Katika Pozzuoli kuna gofu la soko la Warumi lililofukuliwa mwaka 1750. Waliolifukua waliikuta sanamu ya Serapis, mungu wa Wamisri wa kale, wakadhani ni hekalu lake. Dhana hiyo ilikuwa kosa, lakini jina la Serapeo limebaki mpaka leo. Ndani ya gofu hilo nguzo tatu za marmar zingali zimesimama wima, urefu wake kama mita 12. Upande wa chini ni laini, kwa kuwa zamani ulikuwa umefukiwa na mchanga na majivu. Juu ya hapo, mpaka karibu ya mita 7 kutoka sakafuni, marmar imetobolewa vitundu vitundu visivyohisabika. Aliyevitoboa ni kome mmoja ambaye Wataliana humwita tende ya bahari kwa umbo lake, naye hutoboa jiwe akakaa ndani yake; wala haishi illa katika maji ya chumvi.

Fikiri, ewe msomaji. Hapana mtu ajengaye soko ndani ya bahari. Nguzo zilisimikwa katika nchi kavu; kisha zikazama, kome wakazifanya maskani; kisha zikatoka tena majini, na katika safari yote hiyo hazikuanguka. Walioziona mwanzo walisema bahari ndiyo iliyopanda ikashuka. Lakini bahari ni moja. Ikipanda mita 7 katika Pozzuoli haina budi kupanda vivyo hivyo katika Napoli na Iskandaria na kila mji wa pwani, na hapana athari wala khabari ya jambo hilo. Haikubaki illa ardhi. Mwingereza Charles Lyell alizitia sura ya nguzo hizi mwanzoni mwa kitabu chake cha ilimu ya ardhi kilichoanza kutoka mwaka 1830, zikawa hoja mashuhuri ya kwamba nchi iitwayo imara nayo yaenda, na huenda bila ya kishindo. Wenyeji mwendo huo wauita bradisizimo, neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake mtikisiko wa polepole.

Mwendo huu mara moja katika khabari zilizoandikwa uliishia kwa moto. Katika zama za 1500 bahari ilikuwa yarudi nyuma, hata hati za ufalme za mwaka 1503 na 1511 ziliwapa watu wa Pozzuoli ardhi mpya iliyoachwa na maji. Kisha zikaja zilizala zikazidi miaka miwili. Mwishoni mwa Septemba 1538, sawa na mwaka 945 wa Hijra, ardhi ilivimba ghafula, bahari ikakimbia pwani, na watu wakaokota samaki waliobaki mchangani. Tarehe 29 ya mwezi ule ardhi ikapasuka karibu na kijiji cha Tripergole. Kijiji kikafukiwa, na katika muda wa juma moja pakasimama kilima kipya chenye kimo cha mita 130 hivi, kinachoitwa Monte Nuovo, yaani Mlima Mpya. Katika khabari hii lipo jambo la kuzingatiwa kuliko moto wenyewe. Siku za katikati jabali lilinyamaza. Watu wakasema yamekwisha, wakapanda kutazama. Tarehe 6 Oktoba likalipuka tena, wakafa watu 24 waliokuwa juu yake. Wenyeji wa Pozzuoli walikuwa wamekwisha kukimbia. Liwali wa Napoli, Pedro de Toledo, ilimpasa kuwasamehe kodi na kujijengea nyumba yake papo hapo ili warudi. Nayo ilikuwa hila njema, kwani watu hawaamini tangazo kama waaminivyo kumwona mkubwa akilala mahali alipowaambia walale.

Baada ya hayo ardhi ikashuka taratibu muda wa miaka mia nne. Kisha ikageuka. Ilipanda mwaka 1950 hata 1952, ikapanda tena mwaka 1970 hata 1972. Tarehe 2 Machi 1970 askari waliingia katika mtaa wa Rione Terra, mtaa wa kale wa wavuvi na masikini ulio juu ya jabali la pwani, wakawatoa watu kama 3,000. Waliambiwa khatari imekaribia. Moto haukuja. Wenyewe hawakurudishwa, wakapewa nyumba mahali pengine, na majumba yao yakaachwa yakawa magofu kwa miaka mingi. Wengi wao wakashikilia ya kwamba khatari ilikuwa kisingizio cha kuwanyang'anya viwanja. Kama walisema kweli au la, msomaji ataona lile lililopotea: mwaka ule serikali ilihamisha watu 3,000, ikapoteza imani ya waliobaki.

Mara ya tatu ilikuwa kali zaidi. Baina ya mwaka 1982 na 1984 ardhi ilipanda kadiri ya mita 1.8, na zilizala zilizohisabiwa zilipita 16,000. Gati la bandari lilipaa, maji yakapungua, vyombo vikashindwa kufunga, hata ikabidi kujengwa gati jingine chini yake. Zilizala ya 4 Oktoba 1983 iliharibu majumba mengi, na watu kama 40,000 wakahamishwa, wengi katika mji mpya uliojengwa upesi upesi mahali paitwapo Monterusciello. Mwisho wa mwaka 1984 ardhi ikatulia, ikaanza kushuka. Moto haukuja.

Hapa ndipo lilipo fumbo, na ndipo wengi huteleza. Mmoja husema: mwaka 1538 moto ulikuja, basi na sasa waja. Mwenziwe humjibu: mwaka 1970 na 1983 haukuja, basi na sasa hauji. Wote wawili wameshika kamba moja iliyokatika, kwani kila mmoja ametwaa tukio moja akalifanya kanuni.

Wajuzi wenyewe wakhitilafiana juu ya kinachoinua ardhi. Mfano wake ni chungu kilichofunikwa kikawa juu ya mafiga. Kifuniko huinuka na kutikisika kwa sababu ya mvuke, na chakula kisifurike. Huenda pia kikainuka kwa kuwa chakula chenyewe kimepanda mpaka ukingoni. Aliye nje aona kifuniko chacheza, hajui kilichomo. Katika Pozzuoli wako wasemao nguvu yote ni ya maji yaliyochemka na hewa zitokazo kilindini, na dalili yao ni mahali paitwapo Solfatara, ambapo mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka ardhini usiku na mchana. Wako wasemao jiwe lililoyeyuka nalo limesogea juu. Na mwaka 2023 wajuzi wa London na wa Napoli walitoa maneno ya tatu: kwamba kupanda kwa tangu mwaka 1950 kusihisabiwe kila kimoja mbali, bali ardhi imekuwa ikinyoshwa mara baada ya mara na yazidi kudhoofika, hata huenda ikafika kukatika. Magazeti yalichukua neno hilo la kukatika, yakaacha lililolifuata. Kwani walisema pia ya kwamba kukatika si lazima kuwe moto, yamkini mvuke ukapata njia ya kutokea na ardhi ikashuka.

Kisha kuna jina lililozidisha khofu, nalo ni lile la jabali kuu kupita majabali, ambalo lilienea duniani tangu televisheni ya Uingereza ilipolitumia mwaka 2000. Kwa mizani ya wajuzi, jabali la daraja hiyo ni lile lililopata kutoa katika mlipuko mmoja vitu vya kilomita za ujazo 1,000 au zaidi. Toba katika kisiwa cha Sumatra lilifika huko miaka kama 74,000 iliyopita, na chembe za majivu yake zimeonekana hata katika matope ya chini ya Ziwa Nyasa. Campi Flegrei ililipuka mlipuko wake mkubwa kabisa miaka kama 40,000 iliyopita, na majivu yakafika nchi ya Urusi; pamoja na hayo wengi katika wajuzi wauhisabu chini ya kiasi kile. Ukaja mwingine miaka kama 15,000 iliyopita, mdogo kuliko huo. Na ule wa 1538, ambao ndio wa mwisho, ulikuwa wa kilima kimoja na kijiji kimoja. Basi mtu asemapo kwamba jabali hili likiamka ulimwengu utatiwa giza, ameruka yaliyo karibu akashika lililo mbali kabisa. Ubaya wa jambo hili si kutisha tu. Mtu aliyeaminishwa kwamba msiba utakuwa wa dunia nzima hatafuti njia ya kutoka mtaani kwake. Na msiba unaoyumkinika zaidi ni wa mitaa, ambao mtu aweza kuukimbia kwa miguu.

Lakini mwenye kutuliza naye ana dhamana yake, na Italia yalijua hilo kwa khasara. Mwanzo wa mwaka 2009 mji wa L'Aquila, ambao hauna jabali la moto, ulipata pumba la zilizala ndogo kwa miezi. Mtu mmoja akatangaza zilizala kubwa kwa ala yake, akataja mji mwingine, nayo haikutokea. Serikali ikataka kuuzima uvumi; tarehe 31 Machi wakakutanishwa wajuzi, na mkubwa mmoja akawaambia watu katika televisheni wasiwe na wasiwasi. Tarehe 6 Aprili usiku ikaja zilizala ya 6.3, wakafa watu 309. Ada ya wazee wa mji ule ilikuwa wakisikia mtikiso usiku hutoka wakalala uwanjani. Na wako waliohojiwa kortini wakasema usiku ule jamaa zao walibaki ndani kwa kuwa walitulizwa. Mwaka 2012 wakahukumiwa watu saba kifungo cha miaka sita; mwaka 2014 sita kati yao, ambao ndio wajuzi, wakaachiliwa, na mmoja akapunguziwa ikawa miaka miwili. Neno la sijui, ambalo maulamaa wa fikihi walilihisabu nusu ya ilimu, lingeliwatosha wote. Illa serikali hazipendi kulisikia, na raia hawalipendi zaidi.

Wala mambo haya si ya Wataliana peke yao. Katika Hijazi, mwaka 654 wa Hijra (1256), zilizala zilifuatana siku kadha karibu na Madina, kisha moto ukatoka mashariki ya mji, ukatiririka kwa siku 52. Imamu An-Nawawi, aliyekuwa Sham zama zile, ameutaja katika sharhe yake ya Sahihi Muslim. Na mwaka 2009, katika harra ya Lunayyir iliyo kaskazini-magharibi ya Madina, zilihisabiwa zilizala zaidi ya 30,000 katika miezi michache. Ile ya 19 Mei ilikuwa ya kipimo cha 5.4, ardhi ikapasuka ufa wa kilomita 8, na watu zaidi ya 30,000 wa Al-Ais na vijiji vyake wakahamishwa. Jiwe lililoyeyuka lilipanda likasimama kabla ya kufika juu. Watu wakarudi. Pumba moja likaleta moto, na la pili halikuleta.

Aliyetaka kuona pande zote mbili katika mji mmoja na atazame Rabaul, katika nchi ya Papua Guinea Mpya. Mji huu nao umejengwa ndani ya kinywa cha jabali, kwenye ghuba nzuri, na moto wa mwaka 1937 uliua watu kama 500. Mwaka 1983 hata 1985 zilizala zikaja kwa maelfu na ardhi ikapanda. Serikali ikatayarisha mpango, njia zikaoneshwa, watu wakazoezwa kuhama. Kisha kukawa kimya, na waliotishwa wakacheka. Ikapita miaka tisa. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1994 ardhi ikatikisika. Na alfajiri ya tarehe 19 majabali mawili ya pande mbili za ghuba yakalipuka, moja baada ya jingine. Tangu tikiso la kwanza mpaka moto zilipita saa 27. Watu wengi hawakungoja amri. Walizikumbuka njia walizooneshwa wakati ule wa kicheko, wakatoka usiku, wazee na watoto. Majivu yaliangusha mapaa ya mji karibu mzima, na waliokufa walikuwa watano.

Katika Campi Flegrei serikali imeweka daraja nne za tahadhari kwa rangi: kijani, manjano, chungwa, na nyekundu. Tangu Desemba 2012 rangi iliyotangazwa ni ya manjano. Chuo cha kuangalia majabali cha Napoli, kilichoasisiwa mwaka 1841 na kilicho cha kwanza duniani kwa kazi hii, hupima usiku na mchana kupanda kwa ardhi, joto, na hewa zitokazo. Rangi nyekundu ikitangazwa, mpango ni wa saa 72: saa 12 za kujitayarisha, saa 48 za watu wote kuondoka, na saa 12 za akiba. Kila mji umekwisha kupewa jimbo la kuupokea, na Pozzuoli umepewa Lombardia, mbali upande wa kaskazini. Mpango huu wataka mambo mawili: kwanza, jabali litoe ishara zake siku tatu kabla, pili, aliyepewa kazi ya kutangaza awe na moyo wa kutangaza siku hiyo ya kwanza, naye akijua ya mwaka 1970, na ya 1983, na ya L'Aquila. Rabaul zilipatikana saa 27.